Madoa meupe ya 'Super Kabuto' si ukungu, acheni kuyasugua

Picha nyingine tena: 'Super Kabuto', kaktasi bapa isiyo na miiba, imesuguliwa kwa mswaki na sabuni ya vyombo, mbavu zote kijani kitupu, na swali chini yake, "Ukungu umetoka, sasa nipulize dawa gani?" Hakuna ukungu uliotoka. Kilichotoka ni kile ulichokilipia.

Ule weupe ni vinyweleo vya mmea wenyewe, vimesongamana juu ya ngozi mpaka vikafanya mabaka. Astrophytum asterias ya porini, kule kusini mwa Texas na kaskazini-mashariki mwa Meksiko, inavyo pia, ila vidogo, kama chumvi iliyonyunyizwa. Wajapani wakachagua yenye mabaka makubwa yanayoungana, wakaipa jina la kofia ya vita ya samurai. Ukikwangua pale, havioti tena pale. Ngozi mpya hutokea kileleni tu, kwa hiyo utasubiri miaka hadi kovu lishuke kwenye udongo.

Chukua lenzi uangalie. Vinyweleo vimeganda kwenye ngozi, vikavu, na mpangilio wake hurudiarudia kutoka ubavu hadi ubavu. Kidung'ata, yule mdudu mweupe anayenyonya mmea, ana miguu, hujibanza kwenye mfereji kati ya mbavu au nyuma ya vifundo vya sufu, na ukimgusa kwa pamba yenye spiriti weupe wake unayeyuka. Mguse yeye peke yake, si mmea mzima. Na vifundo hivyo vya sufu vilivyojipanga katikati ya ubavu visichomolewe: ndipo kaktasi nyingine hubeba miiba, na hapa ndipo ua la njano lenye kiini chekundu hutokea. Hii unaishika kwa mkono mtupu. Mpungate unaoitwa "hauna miiba" ni hadithi nyingine, vile vijiba vyake, vimiiba vidogo kama nywele, vitakukaa vidoleni siku mbili.

Udongo: sehemu mbili za changarawe au mawe ya pumisi, sehemu moja ya mboji, kopo lenye matundu. Mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha subiri ukauke wote. Masika iweke chini ya paa.

Umbo lake ni bapa, mbavu nane kwa kawaida. Ikiinuka kama yai, imekosa mwanga. Iliyobebeshwa, yaani kupandikizwa juu ya kaktasi nyingine, hukua haraka na kuvimba, msiifanye kipimo cha yenu.

Rangi ya kahawia chini, ngumu na kavu, ni uzee. Ikiwa laini na inapanda, ni kuoza. Kata mpaka nyama safi.

Mbegu kwenye nyuzi 25 hadi 30 huota ndani ya siku chache, lakini unahitaji mimea miwili, maana haijichavushi. Watoto hawafanani na wazazi, na ndiyo maana nasita kuuza mche wowote kwa jina la 'Super Kabuto'. Mwaka wa kwanza kuchagua ni kamari: mwenye madoa hafifu huja kuwapita wenzake baadaye, na mimi bado huwatupa wasiostahili kutupwa.

Kama umeshasugua, iondoe kwenye jua la mchana. Weka neti ya kivuli, uizoeshe mwanga polepole kwa wiki tatu hivi, la sivyo ile ngozi tupu itababuka, na babuko hilo nalo halifutiki.