Kwa nini tunatumia vifuko vya bakteria kubeba chanjo ya kansa

Watu wakisikia nafanya kazi ya chanjo ya kansa, ile ya kumtibu aliyeshaugua, na malighafi yangu inatoka kwa bakteria wanashtuka, wengine wananiuliza moja kwa moja, sasa huyo mgonjwa si mnamuongezea ugonjwa juu ya ugonjwa? Ni swali la haki kabisa, ngoja nilijibu kwa urefu.

Ugumu wa kansa ni kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Seli ya kansa imetoka mwilini mwako mwenyewe, protini zake karibu zote ni zako, na kinga imefunzwa isishambulie cha kwake. Zipo protini chache ambazo zimebadilika kwa sababu jeni zimeharibika, na hizo ndo tunazilenga, ila ukichukua kipande cha hiyo protini ukamchoma mtu hicho peke yake mara nyingi hakuna kinachotokea, au inakuwa mbaya zaidi, kinga inajifunza kukivumilia. Sababu ni kwamba seli T, zile zinazoua seli za kansa, haziamki zenyewe. Zinaamshwa na seli za dendriti, ambazo zinameza kitu, zinakipeleka kwenye tezi za limfu na kukionyesha huko, na hizi seli za dendriti nazo zinataka kwanza ishara kwamba kuna hatari. Kipande cha protini hakina ishara hiyo. Bakteria anazo tele: mafuta ya utando wake, mkia wake wa kuogelea, hata DNA yake, na mwili wetu una vipokezi maalum kwa ajili ya vitu hivyo.

Wazo lenyewe ni la zamani. William Coley, daktari wa upasuaji New York, alianza mwaka 1891 kuwachoma wagonjwa wa saratani bakteria wa Streptococcus, na baadhi yao uvimbe ulinywea. Halafu kuna BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu, ambayo tangu Alvaro Morales wa Kanada na wenzake wachapishe matokeo yao mwaka 1976 imekuwa tiba ya kansa ya kibofu iliyo bado juujuu, inaingizwa kwenye kibofu mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Inafanya kazi, na mpaka leo inatumika. Lakini BCG inapiga kengele tu, haimwambii mtu adui ni yupi. Sisi tunataka kengele na picha ya adui viende pamoja.

Wengine walijaribu bakteria hai aliyepunguzwa makali, hasa Listeria, kwa sababu anajua kutoboa na kuingia mpaka ndani kabisa ya seli. Kwenye panya matokeo yalipendeza sana. Kwa binadamu, majaribio ya kansa ya kongosho yaliyotoa matokeo 2016 hayakuwaongezea wagonjwa maisha kuliko kemotherapi. Na mimi, sisemi kwa niaba ya wenzangu, sipendi kumpa bakteria hai mtu ambaye kinga yake imeshadhoofishwa na dawa.

Kwa hiyo vifuko. Bakteria kama E. koli anapokua, utando wake wa nje unatuna na kumeguka vifuko vidogo sana, kama nanomita 20 hadi 250 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), na kwa kuwa havina uhai haviwezi kuzaana. Vile vidogo vinapita vyenyewe hadi kwenye tezi za limfu, na ngozi yao yote imejaa zile ishara za hatari. Unachofanya ni kubadilisha jeni za bakteria ili kile kipande cha kansa kiunganishwe na protini inayokaa juu ya kifuko, ClyA ndo inatumika sana, na bakteria mwenyewe anakutengenezea chanjo. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba seli ya dendriti inayomeza kipande ndo hiyo hiyo inayopata ishara, ukivichoma kila kimoja kivyake huna uhakika vitakutana.

Kuna njia nyingine naipenda zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford waligawanya protini moja ya Streptococcus pyogenes vipande viwili ambavyo vikikutana vinashikana vyenyewe na haviachani. Weka kimoja kwenye kifuko, kingine kwenye kipande cha protini ya kansa, changanya, basi. Mabadiliko ya kansa hutofautiana mgonjwa na mgonjwa, kwa hiyo unaweza kuandaa vifuko vya aina moja kwa wote halafu ukabandika vipande vya mgonjwa husika. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2021 kwamba kwa panya inawezekana.

Sasa sumu. Kwenye utando kuna mafuta yanayoweza kuleta homa kali na kushusha presha hadi mtu akafa. Tunaondoa jeni inaitwa msbB, na sehemu ya sumu inabaki na minyororo 5 ya mafuta badala ya 6, makali yanashuka sana. Ukizidi kupunguza unapoteza na kengele yenyewe, hapo ndo muda wetu mwingi unaishia. Lakini hatuanzi gizani: chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya Bexsero ina vifuko vya bakteria na inachomwa watoto wachanga, Cervarix inayokinga kansa ya shingo ya kizazi ina mafuta ya bakteria wa Salmonela yaliyopunguzwa sumu, na CIMAvax ya Kuba, ya kansa ya mapafu, imebebwa na protini ya bakteria.

Vifuko vya kansa vyenyewe bado viko zaidi kwenye panya, kwa hiyo mtu akikuambia anavyo vya kukutibu leo usimpe hela yako. Kinachonisumbua mimi ni mambo mawili. Ukirudia dozi, mwili unaweza kujenga kinga dhidi ya kifuko chenyewe ukasahau kansa. Na kifuko kina protini mamia, ukibadilisha joto au chakula cha bakteria au ukavuna kwa kuchelewa kidogo, unapata mchanganyiko mwingine, wakati mgonjwa wa kwanza na wa elfu moja wanatakiwa wachomwe kitu kile kile.