Zawadi ya siku ya kuzaliwa kutoka maktaba ya shule, kwa bei ya soda

Kazi ya maktaba ya shule ni kuazimisha. Mtoto anachukua kitabu, tunaandika tarehe kwenye daftari, siku zikipita tunamkumbusha arudishe. Ndiyo maana walimu wa maktaba wenzangu wakiniuliza tuwape nini wanafunzi siku zao za kuzaliwa, naanzia hapo: siku hiyo moja mtoto apewe kitu ambacho hatadaiwa. Kwenye shule za msingi za serikali, ninakofanya kazi, watoto wengi nyumbani wana madaftari ya shule, na familia ina msahafu au Biblia. Kitabu cha hadithi kilichoandikwa jina lake mtoto mwenyewe hana. Hicho ndicho cha kumpa, na kinawezekana.

Pipi na biskuti sizipendekezi. Vidole vyenye sukari vinarudi kwenye vitabu, sisimizi wanafuata rafu, na baada ya dakika kumi zawadi haipo tena. Penseli ni nzuri, lakini mzazi ataniambia hiyo ni kazi ya duka. Maktaba itoe cha kimaktaba.

Zawadi ninayoipenda kuliko zote ni kijitabu cha kushona kwa mkono. Hadithi zipo mtandaoni. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi fupi za Kiswahili zenye picha, na StoryWeaver ya India nayo inazo. Zimetolewa kwa leseni za Creative Commons, yaani unaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bure mradi ubakize majina ya mwandishi na mchoraji. Usiukate ukurasa wa majina ili kubana karatasi. Na usichukue kitabu cha dukani ukakitoa fotokopi kwa kisingizio cha kuwasaidia watoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na waandishi wetu wa vitabu vya watoto ni wachache, tusiwanyime riziki.

Kijitabu cha kurasa 8 kinahitaji karatasi 2 za A4, zilizochapwa pande zote na kukunjwa katikati. Kinachowashinda wengi ni mpangilio wa kurasa. Karatasi ya nje upande mmoja inabeba ukurasa wa 8 na wa 1, nyuma yake wa 2 na wa 7. Karatasi ya ndani inabeba wa 6 na wa 3, nyuma yake wa 4 na wa 5. Ukijumlisha kurasa mbili zinazokaa pamoja unapata 9 kila mara, na hapo ndipo unapojua kama umepanga sawasawa. Kwa kijitabu cha kurasa 16 jumla iwe 17. Baadhi ya programu za kusomea PDF zina chaguo la kuchapa kama kijitabu, zitakupangia zenyewe. Stationari ya jirani na shule yetu wanatoza shilingi 100 kwa upande, kwa hiyo kurasa 8 ni shilingi 400. Jalada ni manila. Moja kubwa ikikatwa vizuri inatoa majalada manane ya A4.

Kufunga watu wengi wanatumia stepla. Huku kwetu pwani pini zinaota kutu upesi, na kutu inakula karatasi. Chukua sindano na uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Anza ndani, pitisha sindano tundu la katikati itokee nje ya jalada, ukiacha mkia wa uzi kama urefu wa kidole. Ingia ndani kwa tundu la juu. Ukiwa ndani, ruka la katikati, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, utokee nje. Rudi ndani kwa tundu la katikati. Sasa una ncha mbili za uzi ndani na uzi mrefu unaopita kati yake. Zifunge ncha hizo juu ya uzi huo, fundo mbili, ukate. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita wanajifunza hili kwa kipindi kimoja, na kamati yangu ya wasomaji ndiyo inayoshona vijitabu vya wadogo zao.

Juu ya jalada naandika: "Kitabu hiki ni mali ya", kisha jina kamili, kisha tarehe. Sigongi muhuri wa maktaba. Binti mmoja wa darasa la tatu alikipokea chake kwa mikono miwili, akakigeuza nyuma kutafuta karatasi ya tarehe, akaniuliza, "Nirudishe lini, mwalimu?" Nikamwambia harudishi. Akauliza tena.

Kwa wanafunzi wakubwa, ambao hadithi fupi zimeshawapita, natengeneza alamisho, kile kipande cha kuwekea alama ukurasa uliofikia. Fundi cherehani hunipa mabaki ya vitenge bure. Nakata kipande upana wa vidole vitatu, nakibandika juu ya manila kwa gundi nyeupe ya mafundi seremala. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi zaidi, ila inavuta mende na wadudu wengine walao karatasi, na alamisho hii inakwenda kulala ndani ya vitabu vyetu. Nyuma yake naandika namba za rafu anazozipenda mwenyewe, nikizitoa kwenye daftari la kuazima. Mpenda mpira anapata 796.334. Mpenda ndege 598, samaki 597, nyota na sayari 523, na anayesoma riwaya na mashairi ya Kiswahili anapata 896.392. Namba hizi ni za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, na mtoto akijua yake anaweza kuingia maktaba ya mkoa na kwenda mwenyewe kwenye rafu bila kuuliza, hata kama mkutubi wa pale hamjui.

Zipo na zisizogharimu hata senti: kuazima kitabu kimoja zaidi wiki hiyo, kuwa wa kwanza kuondoka na kitabu kilichoingia karibuni, kuchagua hadithi nitakayowasomea darasa zima, kukaa mezani kugonga muhuri wa tarehe mapumziko yote. Hili la muhuri linapendwa mno na wa darasa la kwanza na la pili.

Vitabu vilivyopitwa na mtaala au vilivyochakaa, usivitoe zawadi kiholela. Shule ya serikali kitabu ni mali ya umma. Kifutwe kwanza kwenye daftari la usajili, mwalimu mkuu atie saini. Na hata kikishafutwa, kitabu cha hisabati kilichochanika hakimfurahishi mtu siku yake. Ramani za atlasi isiyotengenezeka, baada ya kufutwa, zinafaa kukunjwa bahasha za kutilia alamisho.

Sasa tarehe zenyewe. Kwenye daftari la udahili utakuta rundo la watoto waliozaliwa Januari mosi, kwa kuwa mzazi alikuwa na uhakika wa mwaka tu. Hao waulize wachague mwezi, uandike. Wapo wazazi, baadhi ya Waislamu na baadhi ya Wakristo, wasiosherehekea siku ya kuzaliwa. Zungumza na mwalimu wa darasa mapema, mtoto huyo apewe kijitabu kilekile kama zawadi ya msomaji, siku nyingine, bila kuimbiwa. Asibaki hata mmoja, na asipewe mmoja kizuri kuliko mwenzake. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo shule ya watoto 400 ni wastani wa wawili kwa siku; mimi nakusanya wa wiki nzima na kuwapa Ijumaa. Jambo moja nimelikataza kabisa: kumwagiana maji. Wamwagiane uwanjani wakishatoka, vijitabu viwe vimewekwa kwenye begi.

Waliozaliwa wakati wa likizo ndio wanaosahaulika zaidi. Wa Juni nawapa vyao wiki ya mwisho ya Mei. Wa Desemba na wa siku za mwanzo za Januari, wiki ya mwisho ya Novemba. Kundi hili la Desemba nalishonea vya kurasa 16, kwa kuwa likizo yao ni ndefu na mlango wa maktaba unakuwa umefungwa.