Paka na korona: dhana potofu na ukweli wake

“Paka ndio waliotuletea korona majumbani.”

Kwa sehemu kubwa ni kinyume chake. Mtu anaumwa, anampakata paka wake huku anakohoa, na paka anaambukizwa. Ndivyo ilivyokuwa Ubelgiji mwezi Machi 2020, ambako paka aliyekutwa na virusi alikuwa akiishi na mtu aliyekwisha kuugua. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya simbamarara wa bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, New York, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa aliambukizwa na wahudumu wake. Virusi vya UVIKO-19 huingia kwenye seli kwa kujishikiza kwenye protini iitwayo ACE2, na ACE2 ya paka inafanana sana na ya binadamu. Watafiti wa Harbin, China, waliyaona matokeo yake mapema. Katika majaribio yao paka waliambukizwa kirahisi, mbwa kwa shida, na nguruwe, kuku na bata hawakuambukizwa kabisa.

“Kumbe paka hawezi kabisa kumwambukiza mtu.”

Anaweza, ila ni nadra mno. Agosti 2021, kusini mwa Thailand, daktari wa mifugo alikuwa akimpima paka wa watu wenye UVIKO-19. Paka akampiga chafya usoni. Daktari alivaa barakoa na glavu lakini hakukinga macho, na siku chache baadaye akaugua. Virusi vyake vilipolinganishwa na vya yule paka, vilikuwa vilevile.

“Paka wangu kapimwa, ana korona. Ndiyo hiyohiyo ya watu.”

Hapa ndipo paka wengi wanapoponzwa na jina. Paka wana korona yao wenyewe, ya tangu zamani, iliyo katika kundi tofauti na ile ya UVIKO-19. Haimwambukizi binadamu. Huenea kwa kinyesi, hasa pale paka wengi wanapochangia sanduku moja la mchanga, na wengi wao huharisha kidogo tu au wasionyeshe dalili yoyote. Shida huja kwa wachache, mara nyingi walio chini ya miaka miwili: virusi hubadilika humo humo mwilini, vikaanza kuishi ndani ya chembe za kinga, na kuzaa ugonjwa uitwao FIP. Tumbo hujaa maji, au macho na ubongo hushambuliwa. Madaktari wa Boston waliueleza ugonjwa huu mwaka 1963.

Ndiyo maana kipimo cha kingamwili peke yake hakitoshi kusema paka ana FIP. Kinaonyesha tu kwamba amewahi kukutana na korona ya paka, jambo ambalo ni la kawaida sana. Kumchoma paka sindano ya kumuua kwa sababu ya karatasi hiyo moja ya majibu ni dhuluma, na ninaisema bila kusita.

“FIP haina dawa.”

Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya dawa iitwayo GS-441524 kwa paka 31 waliougua wenyewe, si wa maabara. Watano walikufa au kulazimika kuuawa ndani ya mwezi wa kwanza. Waliobaki 26 walimaliza wiki 12 za matibabu au zaidi, na 25 kati yao wakaishi, ingawa baadhi ugonjwa uliwarudia wakatibiwa tena. Dawa hiyo ni ndugu wa karibu wa remdesivir, ile iliyotumika kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Mwaka 2023, Cyprus ilipokumbwa na mlipuko wa FIP uliotokana na korona ya paka kuchanganyika na ya mbwa, serikali iliruhusu vidonge vya UVIKO-19 vilivyokuwa ghalani vitumike kwa paka.

“Mpanguse manyoya kwa spiriti au jiki.”

Usithubutu. Paka hujilamba mchana kutwa, na chochote unachompaka atakimeza. Ukiugua UVIKO-19, mwombe mtu mwingine amlishe. Kama huna mtu, vaa barakoa, nawa mikono kabla na baada ya kumhudumia, na usilale naye kitandani hadi upone.