Makaa ya mawe: kwanini Mtwara wanachoma na sisi Mwanza hatuyaoni

Kuna hii inayozunguka sana hapa Mwanza, eti makaa ya mawe yapo kibao kule kusini, kwahiyo kama kanda ya ziwa hatuyatumii basi tunabaniwa. Hapana jamani. Yapo Ngaka kule Mbinga mkoani Ruvuma, yapo Kiwira, yapo Mchuchuma huko Ludewa, na kutoka Mbinga mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,000 za lori, na makaa ni mzigo mzito wenye bei ndogo, ukiusafirisha mbali hivyo nauli inameza hela ya mzigo wenyewe. Kiwanda cha Dangote Mtwara kimechoma makaa ya Ngaka kwasababu tanuru la simenti linataka joto la kama nyuzi 1,450 usiku na mchana, na Ruvuma ni mkoa jirani. Huku nani ana tanuru la hivyo? Viwanda vyetu vya minofu ya sangara vinataka baridi bana, sio moto.

Nyingine wanayosema: eti mwenye mgodi ndio mtumiaji mkubwa. Sio kweli. Japani anaagiza karibu makaa yake yote na bado ni kati ya wachomaji wakubwa duniani, wakati Msumbiji wanachimba Moatize kule Tete na mengi yanapanda meli, wao wana umeme wa maji wa Cahora Bassa. Hata China, inayochoma zaidi ya nusu ya makaa ya dunia nzima, mkoa wake wa Guangdong unanunua mengine Indonesia, maana kuyatoa Shanxi kule kaskazini ni safari ndefu ya treni halafu meli tena, na kuna vipindi ya nje yanafika kwa bei nafuu zaidi.

Halafu wale wa "wazungu wameacha kwa ajili ya mazingira tu". Mazingira yamo, na Uingereza waliyatoza kodi ya kaboni, yaani ya hewa chafu yanayotoa yakichomwa, mpaka mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa ukafungwa Septemba 2024. Ila Marekani kilichoyapiga zaidi ni gesi asilia inayotolewa ndani ya miamba, iliyoshuka bei, mwaka 2016 umeme wa gesi ukaupita wa makaa, wenye mitambo walipiga hesabu wakahama.

Na kuna wanaosema SGR, ile reli mpya ya kisasa, ikifika Mwanza makaa yatakuwa bei chee. Sasa SGR inatokea Dar kupitia Dodoma na Tabora, Ngaka haina reli yoyote, kwahiyo bado lori litayabeba kwanza mamia ya kilometa ndio yapakiwe. Mtambo wa umeme wa makaa hapa ungeshindana na Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 lililopo kwenye gridi hiyohiyo, sijui nani atatoa mtaji huo. Jikoni ndo kabisa, gunia la mkaa wa miti linatoka porini mikoa ya jirani, ndio maana hata mkaa mbadala wa STAMICO, shirika la madini la serikali, unaotengenezwa na makaa ya Kiwira lazima kwanza upambane na bei ya hilo gunia.