Demensia ya Ubongo wa Mbele nchini Korea Kusini: Mgonjwa Huishi Muda Gani?

Familia ya Kikorea inapoambiwa kwamba baba, ambaye pengine hajatimiza hata miaka 65, ana demensia ya sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, haichukui muda kabla mmoja wao hajauliza ataishi miaka mingapi. Ni swali la haki na linastahili kujibiwa, ila halina jibu moja, na daktari anayetaja idadi ya miaka kabla ya kueleza aina ya ugonjwa anaipotosha familia hiyo.

Ugonjwa huu, ambao Arnold Pick aliueleza mjini Prague mwaka 1892, kwa kawaida hauanzi kwa kusahau. Mtu aliyekuwa mpole huanza kutamka maneno ya aibu mbele ya wakwe zake, hupuuza kuoga, hula peremende bila kikomo. Mwingine hupoteza maana ya maneno aliyoyatumia maisha yake yote, na mwingine maneno anayajua lakini humtoka kwa taabu. Ni rahisi kudhani kwamba ni uchovu wa kazi au sonona. Isitoshe, neno la Kikorea la demensia, chimae, limetokana na herufi za Kichina zenye maana ya upumbavu, nayo aibu hiyo huchelewesha safari ya hospitali. Ucheleweshaji huo huvuruga pia hesabu ya uhai, kwa kuwa mgonjwa yuleyule huonekana kuishi muda mrefu anapohesabiwa tangu dalili ya kwanza, na muda mfupi anapohesabiwa tangu siku ugonjwa ulipotambuliwa.

Tofauti kubwa, hata hivyo, inatokana na aina ya ugonjwa. Wanaopoteza maana ya maneno huishi muda mrefu zaidi, mara nyingi kupita miaka 10 tangu dalili zianze. Wanaopatwa pia na ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli huishi kwa kawaida miaka 2 hadi 3 tu, maana misuli ya kupumua na kumeza hudhoofika mapema. Wale wenye magonjwa mengine yanayohusiana na huu, ambao huanguka chali mara kwa mara na kushindwa kutazama chini, au ambao mkono mmoja hukakamaa, huishi takribani miaka 6 hadi 8.

Hapa ndipo takwimu za Ulaya hazipaswi kuchukuliwa zilivyo. Hitilafu ya jeni ya C9orf72, inayounganisha demensia hii na ugonjwa wa neva za misuli, ni chanzo kikuu cha kurithi miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini ni nadra sana kwa Wakorea na Wajapani. Kwa hiyo Mkorea anastahili kupimwa kwa takwimu za Wakorea wenzake.

Bima ya uangalizi wa muda mrefu, iliyoanza nchini humo Julai 2008, inawahudumia hata walio chini ya miaka 65 wenye demensia, na mpango wa serikali wa mwaka 2017 ulileta vituo vya demensia katika wilaya zote. Huo ni msaada mkubwa, hasa kwa mgonjwa ambaye bado ana nguvu za kutembea kutwa nzima na ambaye mkewe analazimika kuacha kazi ili amlinde.

Lakini wengi hufa kwa nimonia, chakula au mate yanapoingia njia ya hewa, na jambo hilo linaweza kuangaliwa nyumbani. Siku za Seollal na Chuseok, yaani sikukuu za mwaka mpya wa Kikorea na za mavuno, mezani huwekwa tteok, keki za mchele zinazonata, na mgonjwa asiyeweza tena kujizuia hujaza kinywa kabla hajameza tonge la kwanza. Zikatwe vipande vidogo, apewe kimoja kimoja, na hali ikizidi abadilishiwe kwa juk, uji mzito wa mchele. Akianza kukohoa kila anapokunywa maji, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kula, apelekwe kupimwa umezaji wiki hiyohiyo, wala familia isisubiri tarehe ya kliniki.