Kuni za Uvinza nazo ni nishati ya mgodi

Katika kazi yangu ya takwimu za nishati, safu inayonichelewesha kuliko zote ni ile ya makaa ya mawe, mkaa na kuni zinazochomwa migodini. Wengi wakiiona hudhani nchi yenye makaa mengi hapo ndiyo inayochimba sana. Sivyo. Machimbo mengi huendeshwa kwa dizeli na umeme, na makaa ambayo mgodi wa makaa ya mawe unachoma wenyewe huandikwa kwingine kabisa, kwenye matumizi ya sekta ya nishati.

Makaa huingia pale penye kuoka au kukausha. Kiruna, Sweden, mawe ya chuma husagwa, yakaviringwa kuwa vidonge, vikaokwa kwenye tanuri kwa nyuzi zaidi ya 1,200. Nchi inayosafirisha mawe ghafi haihitaji tanuri hilo kwa mawe hayo, hata ikichimba mara kumi zaidi.

Sasa tuje kwetu Kigoma. Uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi unaweka uzalishaji wa chumvi kwa kukausha maji ndani ya uchimbaji madini. Chemchemi za Uvinza, jirani na mito ya Ruchugi na Malagarasi, watu wamezichemshia chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kiangazi, mito ikishapungua. Basi kila gogo la miyombo lililoingia chini ya chungu pale lilikuwa nishati ya mgodi, sawa na makaa ya Kiruna.

Ngoja tupige hesabu. Maji ya chumvi yaliyokolea kabisa, robo yake hivi ni chumvi. Ili upate kilo 1 ya chumvi unafukuza karibu kilo 3 za maji, na hiyo ni megajuli 7 na ushei. Kuni kavu zina takriban megajuli 15 kwa kilo, ila jiko la wazi hupoteza joto jingi. Tuseme linanasa robo tu. Kilo 1 ya chumvi imekula kilo 2 za kuni. Ukolevu wa maji ukipungua kwa nusu, unahitaji zaidi ya kilo 4! Ndiyo maana nayatetea sana mabwawa ya kuanikia maji juani: jua likishayakoleza, msitu umepona.

Na tukihesabu kuni, naomba tutumie mizani, zikiwa zimekauka. Mkokoteni wa kuni mbichi karibu nusu yake ni maji, na moto hutumika kwanza kuyakausha hayo kabla haujagusa chumvi.