Anayekabili Magari Awe Anatembea kwa Miguu

"Daktari, nikiwa kwenye baiskeli mimi napita kulia ili niyaone magari yanayokuja." Naisikia kauli hii kwenye chumba cha fiziotherapia hapa Tabora, kutoka kwa watu wanaojifunza upya kukanyagia mguu uliovunjika. Wengine wameshaanza kuwafundisha hivyo watoto wao wanaokwenda shule kwa baiskeli, na hilo ndilo limenifanya niandike.

Kanuni ya kukabili magari ni ya mtembea kwa miguu. Yeye anakwenda kilomita kama 5 kwa saa, na akiona hatari anaruka pembeni. Wewe una chombo, na pengine magunia mawili ya mkaa nyuma. Utaruka na nini? Baiskeli ni chombo cha usafiri, na nchini kwetu vyombo hupita kushoto.

Piga hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, ukomo wa kasi mjini. Wewe unakwenda 15. Mkifuata uelekeo mmoja, linakukaribia kwa kasi ya 35. Mkikabiliana ni 65. Dereva akikuona mkiwa mmebakiza mita 40, kwenye uelekeo mmoja ana sekunde nne za kukukwepa. Mkikabiliana ana mbili na ushee.

Na balaa kubwa liko kwenye maingilio. Dereva anayetoka mitaa ya ndani, tuseme Isevya au Cheyo, akitaka kukata kushoto kuingia lami, macho yake yako kulia, maana magari ya upande ule hutoka huko. Wewe unamtokea kushoto. Mwaka 1994 watafiti Wachtel na Lewiston walichambua ajali za baiskeli na magari mjini Palo Alto, Marekani, wakakuta anayekwenda kinyume yuko kwenye hatari mara 3.6 ya anayefuata uelekeo. Huko wanapita kulia, lakini macho ya dereva ni yaleyale: yanakwenda yalikozoea kuona magari.

Hofu ya kugongwa kwa nyuma naielewa, hasa kwa wanaotumia barabara ya Nzega pamoja na maroli. Dawa yake ni kuonekana. Ukishafunga gunia au madumu kwenye keria, reflekta yako imefunikwa, hata iwe mpya. Ihamishie kwenye mzigo wenyewe, nyuma kabisa, kisha mwambie mtu asimame mbali na tochi akuambie kama anaiona. Fanyeni hivyo leo giza likiingia, kabla hujaingia barabarani.

Nasikia na kauli nyingine kuhusu baiskeli. "Baiskeli inamaliza nguvu za kiume." Hapana! Utafiti wa Uingereza wa 2014, kwa wanaume zaidi ya 5,000 wanaoendesha baiskeli, haukuona uhusiano kati ya saa za kuendesha na upungufu wa nguvu au ugumba. Ukipata ganzi, huenda pua ya kiti imeinuka. Isawazishe.

"Faida yake haifikii hatari yake." Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walipiga hesabu mwaka 2010 kwa mtu anayeacha gari na kupanda baiskeli katika safari fupi za kila siku: anaongeza miezi 3 hadi 14 ya uhai, huku ajali zikimpunguzia siku 5 hadi 9. Lakini hiyo ni Uholanzi, yenye njia za baiskeli. Kwetu ni adimu, kwa hiyo hapa hatari ni kubwa zaidi, na jibu ni kuzidai njia hizo.

"Helmeti inatosha." Vaa, tena ifunge kidevuni: uchambuzi wa tafiti 40 wa mwaka 2017 ulionyesha inapunguza majeraha makubwa ya kichwa kwa asilimia 69. Ila haizuii gari kukugonga. Watafiti Marshall na Ferenchak walifuatilia majiji 12 ya Marekani kwa miaka 13, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba penye njia za baiskeli zilizotengwa kwa kizuizi, vifo vilikuwa vichache kwa watumiaji wote wa barabara, wenye magari wakiwemo. Mstari wa rangi peke yake haukuleta nafuu hiyo. Mji wetu ni tambarare na baiskeli zimejaa. Barabara ikipangwa kupanuliwa, nendeni kwenye mkutano wa mtaa muulize njia ya baiskeli imechorwa wapi, na itatengwa kwa ukingo au kwa rangi tu.